Walimposa Mwanangu, Wakala Pilau Langu

Hakuna mgeni mwenye adabu kama kocha wa chuo cha Marekani anayemtaka mwanao. Viatu anavua mlangoni kabla hujamwambia. Anakaa pale ulipomwonyesha, mikono magotini, anasifu mapazia. Anakula pilau, anaomba aongezwe, anapambana na kachumbari ya pilipili mpaka shingo inaiva, na bado anasema tamu. Mimi mtoto wa Tanga nikamtazama mama watoto, mama watoto akanitazama, wote tukaelewa: hii posa. Hawa washenga.

Na ubaya wa posa unaujua. Maneno matamu yote husemwa kabla.

Kijana wangu alipofika miaka 16 alikuwa na kilo 130 na miguu ambayo duka la kawaida halina namba yake. Tunaishi Des Moines, jimbo la Iowa, naendesha lori la kusambaza soda, na mwili ule mimi niliuona kama gharama tu. Maziwa ya galoni yalikuwa yanaisha kabla hayajapata ubaridi. Kumbe katika mpira wa Kimarekani, ule wa helmeti na mabega ya plastiki, mwili huo ni mali. Kuna watu kabisa wameajiriwa, wana mitandao yao, kazi yao kuwapanga watoto wa sekondari kwa nyota, mbili hadi tano. Wangu akapewa tatu. Ndugu zangu, nimelala gesti kuanzia Korogwe mpaka Tunduma na sikuwahi kupata ya nyota tatu. Sasa ninayo ndani ya nyumba, inalala mpaka saa sita mchana na soksi zake haifui.

Baada ya nyota zikaja simu. Barua zilijaza droo ya vijiko. Kila chuo kinamwita "familia", na hiyo familia haijui hata anaanza kula na nini. Ikaja ziara rasmi, ambapo chuo kinagharamia: hoteli, chakula, gari la kutupokea. Wakamvika jezi wakampiga picha za kila pembe kwenye moshi wa bandia. Wakaandika jina letu kwenye skrini ya uwanja. Jina la babu yangu, mvuvi wa Mwambani ambaye hakuwahi kupanda hata treni, linawaka taa juu ya majani yaliyonyolewa. Mama watoto akafuta macho. Hapo nikajua tumekwisha, mahari haijatajwa lakini binti keshafunga sanduku.

Desemba akasaini. Kuna dirisha la mapema tangu 2017, zamani watu walikuwa wakisubiri Jumatano ya kwanza ya Februari. Shuleni kwake wakaweka meza, na juu ya meza kofia za vyuo vilivyomtaka; anayesaini anavaa moja, watu wanapiga kelele. Mdogo wangu aliyekuwa akitazama kwa video kutoka Dar akawa na swali moja tu: zile kofia zilizobaki anachukua nani?

Chuo chenyewe sikitaji. Kijana bado yuko benchi na sitaki kumwongezea mwaka.

Nitakachotaja ni ahadi. Mshenga wetu, akiwa na sahani ya tatu, alituambia: "Ni karibu, mzee. Mtamwona kila Jumamosi." Karibu! Ligi ya chuo chake, Big Ten, ina "kumi" kwenye jina na timu 18 kwenye ratiba. Mwaka 2024 Big Ten ilichukua vyuo vinne vya pwani ya magharibi, sasa inaanzia New Jersey hadi Los Angeles, karibu kilomita 4,000 kwa ligi moja. Na wenzao wa ligi nyingine, ACC, ambao wamejipa jina la pwani ya Atlantiki, mwaka huohuo wamepokea vyuo viwili vya California. Mtu wa pwani naweza kusamehe mengi, lakini bahari mbili tofauti unazichanganyaje? Sababu ni fedha za televisheni. Televisheni inataka mechi kubwa kila mkoa, vyuo vinataka fungu, na anayezunguka ni mimi na mama watoto na chupa ya chai.

Tiketi tunapewa, nisiwasingizie. Ila tiketi ya bure ni ya kukaa. Kufika ni juu yako.

Sasa sikiliza mateso. Saa ya mechi huijui. Tarehe unaijua mwaka mzima, lakini saa inapangwa na televisheni, na mara nyingi wanaitangaza siku 12 kabla, au wakijisikia kukukomoa, siku 6. Inaweza kuwa saa sita mchana, inaweza kuwa saa moja na nusu usiku. Wewe ukate ndege ya lini? Bosi umwombe ruhusa ya lini? Mwenye hoteli yeye hana shaka: bei mara tatu, na lazima ulipe usiku mbili. Nikamwambia nahitaji mmoja. Akasema hakuna mmoja. Usiku mmoja, bwana, kitu ambacho Mungu mwenyewe ameumba kimojakimoja, hoteli wanauza kwa jozi.

Safari ya State College, Pennsylvania, tulikwenda kwa gari. Saa 13 hivi barabarani, za mwisho ni milima na giza na paa wanaovuka bila kuangalia. Mji una watu kama 40,000. Uwanja wao unaingiza zaidi ya 106,000. Unafika unajiuliza hao wengine wanatoka shimo gani, halafu unakuta wameegesha tangu alfajiri, kila gari limefungua buti, majiko yanafuka, soseji zimepangwa. Nyama choma kila upande, na kila ninayeuliza ananijibu kwa furaha, nguruwe. Kuegesha nikaelekezwa kwenye bustani ya nyumba ya mtu. Kijana mdogo kabisa, kakaa kwenye kiti cha kukunja, kashika boksi alilolifungua na kuandika kwa kalamu nene: $50. Nikampa. Akaniambia nisikanyage maua.

Getini wakaturudisha. Mkoba wa mama watoto hauruhusiwi, lazima uwe wa plastiki inayoonyesha ndani, watu waone kila kitu. Mwanamke wa Kitanga, mkoba uonyeshe ndani! Alisimama pale akamtazama yule mlinzi mpaka nikamwonea huruma mlinzi. Nikarudi mimi na mkoba mpaka kwenye bustani, nikapita pembeni ya maua, nikarudi napumua kama nimecheza mimi.

Na usiku ule, kumbe, ni ule wao wa kuvaa nyeupe. Uwanja mzima mweupe, kelele unazisikia kwenye meno. Mama watoto, bila kuambiwa na mtu, alikuwa na mtandio mweupe na sweta nyeupe. Wenyeji wa nyuma yetu wakamchukua kuwa wao. Wakampa blanketi. Wakampa chokoleti ya moto, keki ya malenge, mto wa kukalia. Mimi niliyevaa koti la timu ya mwanangu nilikaa kwenye benchi la bati, namba yangu imeandikwa kwenye nafasi ya shubiri mbili, kulia kwangu jitu, kushoto jitu, baridi ya Novemba inapanda kutoka chini. Nikamwomba mama watoto blanketi kidogo. Akaniambia wenyewe wanatazama.

Mchezo wenyewe ni dakika 60. Hizo dakika 60 zinachukua saa tatu na nusu. Wanacheza kidogo wanasimama, wanaenda kikao, wanarudi, tangazo, mtu mwenye kofia nyekundu anaingia uwanjani na kusimama tu, na mpaka aondoke hakuna mpira. Huyo ni mtu wa televisheni. Nimetazama fainali za Kombe la Dunia na sikuwahi kuona mtu mmoja mwenye kofia akiwasimamisha vijana 22 ili iuzwe bima ya gari.

Haki ya mtu nimpe, sehemu nyingine zina utu. Lincoln, Nebraska, uwanja umejaa kila mechi tangu 1962, na ukiwafunga wanakupigia makofi unapotoka. Mwanzoni nilidhani wananikejeli. Seattle watu wanakuja mpirani kwa boti, wanazifunga ziwani kando ya uwanja, wanapika humohumo. Pale niliegemea ukingo nikatazama jinsi wanavyofunga kamba, fundo baya tupu, nikatamani kuwaelekeza. Mama watoto akanivuta, mechi imeanza. Nikamwambia mwanao yuko benchi, hatakimbia popote.

Halafu ikaja ile ya Iowa City, karibu na nyumbani, mwendo wa saa mbili kasoro. Nikasema leo raha. Raha gani! Majirani zangu, watu niliowasafishia theluji, waliponiona na koti la timu nyingine walinijibu salamu kwa nyusi. Na kijana akanisimulia kwamba chumba cha kubadilishia cha wageni ni cha waridi, kuta, makabati, mpaka vyombo vya kukojolea. Kocha wao wa zamani, Hayden Fry, alikuwa amesomea saikolojia, akaona rangi hiyo inalegeza watu. Kwa wangu haikuwa na la kulegeza. Ila mwisho wa robo ya kwanza uwanja mzima ulisimama, wa kwao na wa kwetu, ukageukia hospitali ya watoto iliyo ng'ambo ya barabara, wakawapungia mkono watoto waliokaa madirishani huko juu. Wamefanya hivyo tangu 2017. Nikapunga na mimi. Jitu jingine la kushoto kwangu, la hapo Iowa City, lililokuwa likinitukania timu tangu asubuhi, lilikuwa linapunga kwa mikono miwili.

Kisha likakaa likaendelea kunitukana.

Mtaniuliza timu hizi zinashindania nini. Nami niliuliza. Iowa na Minnesota wanagombania nguruwe. Wa shaba, kilo 44 na ushee, anaitwa Floyd wa Rosedale. Magavana wa majimbo hayo walikuwa wamewekeana dau la nguruwe mwaka 1935. Wa kwanza alikuwa mzima, anatembea. Minnesota na Wisconsin wao wanagombania shoka. Purdue na Indiana, ndoo. Michigan na Minnesota, mtungi. Illinois na Ohio State, kasa wa mbao. Mkusanye hivyo vyote unafungua duka la vyombo. Mshenga wa chuo kimoja chenye hamu na yule nguruwe alipokuja kwetu, mama watoto alimuuliza swali moja tu kuhusu masomo na manne kuhusu nguruwe: timu ikishinda, lazima mwanangu ambebe? Anaweza kuvaa glavu? Jimbo letu lina nguruwe zaidi ya milioni 20 na watu milioni 3 na kidogo, tumewakwepa kwa adabu miaka yote, halafu tuletewe kombe lake?

Na yule mshenga wetu, mla pilau? Hakumaliza hata msimu wa kwanza na mwanangu. Chuo kingine kilimwita kwa mshahara mnono, akatuma ujumbe wenye mioyo mitatu, akaondoka. Naye kijana akitaka anaruhusiwa kuondoka: tangu 2018 kuna orodha ya wanaotaka kuhama, na tangu 2024 hahitaji kukaa nje ya uwanja kama eda, mradi anafaulu darasani. Anahama leo, anacheza msimu ujao. Watu wanaachana na kuoana upya kila Januari kwa kasi ambayo hata kadhi angeomba likizo.

Sasa limeongezeka la hela. Mwezi Juni 2025 mahakama iliidhinisha vyuo viwalipe wachezaji moja kwa moja, na kwa mwaka wa kwanza kikomo kikawa dola milioni 20.5 kwa chuo kizima, wagawane wa michezo yote. Habari hiyo ilifika Tanga kabla haijanifikia mimi. Ila ilipofika, neno "chuo kizima" lilikuwa limeanguka njiani. Kwenye kundi la ukoo la WhatsApp nikaamka na ujumbe 64. Binamu mmoja ana kiwanja. Mwingine ana bodaboda inayohitaji injini. Shemeji niliyemkopesha 2019 na akanifungia simu, akanisalimu kwa jina la kijana: "Baba wa milioni!" Mtoto wangu wa benchini, alichopata mpaka leo nilichokiona kwa macho yangu ni kandambili, begi na jaketi mbili, na moja nimevaa mimi.

Dada yangu mkubwa ndiye aliyepiga simu kabisa. Yeye hataki hela, anataka maelezo.

"Kafunga mangapi?"

"Dada, hafungi. Hata mpira hagusi. Nafasi yake ni ya mbele, haruhusiwi kudaka."

"Haruhusiwi? Kakosa nini?"

"Hajakosa. Kazi yake anasukuma."

"Anasukuma nini?"

"Watu."

"Na nyie mnapanda ndege kwenda kumtazama anasukuma watu."

"Bado hajapangwa. Kwa sasa tunakwenda kumtazama amekaa."

Akanyamaza kidogo, nikasikia anamwambia mtu aliye naye jikoni, halafu wote wawili wakacheka mpaka simu ikawa inakwaruza. Aliporudi akasema yule mpiga debe wa stendi pale Tanga amestaafu mgongo, mabasi ya asubuhi yanajaa na hakuna wa kusukumia abiria ndani. Analipwa kwa siku, na chai ya saa nne juu. Nimuulize kijana.