Ngozi Iliyochubuka

Rafiki yangu wa Jinja amerithi kamera ya filamu aina ya Rolleicord ya marehemu baba yake, aliyekuwa mpiga picha wa studio. Mnunuzi wa vitu vya kale aliigeuzageuza, akaguna. Ngozi imechubuka, na mgongoni, pale vifungo vya shati viliposugua, rangi imebanduka hadi chuma kinaonekana. Bei aliyotaja, rafiki yangu anasema, haifikii hata simu iliyotumika.

Tusimwonee mnunuzi. Soko la kamera za lenzi mbili lina kanuni zake. Rolleiflex 2.8F isiyo na mkwaruzo, ikiwa ndani ya mfuko wake halisi wa ngozi, hiyo ni mali. Rolleicord ilianza kutengenezwa 1933 kama mdogo wa Rolleiflex wa bei nafuu: filamu unaivuta kwa kitasa badala ya mkono wa kuzungusha, na shata, kile kilango cha kupitisha mwanga, unaikoki mwenyewe. Tena bila wakusanyaji, mafundi wachache waliobaki wangekosa kazi, na kamera nyingi zingeishia kwenye vyuma chakavu.

Lakini "safi" maana yake nini kwetu huku kando ya Ziwa Victoria? Ukungu wa lenzi, yaani kuvu, hupenda giza na unyevu. Mfuko wa ngozi, huohuo unaopandisha bei, hunyonya unyevu na kuushikilia. Ukungu hula ngozi, ukahamia kwenye kioo kama utando wa buibui, na ukiachwa sana huchimba tabaka la juu la lenzi. Hapo hata ukisafisha, alama inabaki. Shata nayo isipopigwa, mafuta yake huganda. Iweke kwenye kasi ya sekunde moja, utasikia gia zikisota, halafu kimya, zimekwama. Kwa hiyo kamera inayong'aa kabatini Entebbe inaweza kuwa kipofu, na hii iliyochubuliwa na kazi ikawa inaona vizuri kabisa. Mnunuzi hakufungua mgongo wa kamera. Hakumulika tochi. Hata kuisikiliza shata hakuisikiliza!

Na kazi yenyewe haikuwa mchezo. Mkanda mmoja wa filamu ya saizi ya 120 hutoa picha 12 tu za mraba, na mpiga picha anainama juu ya kioo akimwona bwana harusi kushoto kulia, kulia kushoto. Mtu aliyelisha watoto kwa hesabu hiyo hakuwa na nafasi ya kutumia kamera mbovu.

Wataniambia soko ni soko, anayetaka ya kupamba sebule anunue ya kupamba sebule. Anunue, sikatai. Ila asiite urembo uzima.

Tuliimulika sisi wenyewe. Lenzi ya chini, ile inayopiga picha, ina vumbi kidogo tu, na sekunde moja ililia mpaka mwisho. Sasa kamera inakaa wazi juu ya rafu, na mfuko umewekwa kando. Juzi mnunuzi alipiga simu tena: kamera haitaki, ila kama ule mfuko bado upo, atatoa bei nzuri.