Mjomba, Nakuona

Windows 98 ilikuwa na kidude kinaitwa Scrolling Marquee, skrini seva ya maneno yanayotembea, na mimi nilikipenda kuliko kompyuta yenyewe. Vijana wa leo hawajui kwamba skrini seva ilikuwa na kazi. Zile skrini za zamani, zenye mgongo mrefu, ukiacha picha moja imetulia kutwa nzima inaganda kwenye kioo na kuacha kivuli kisichofutika. Basi usipogusa mashine kwa muda, kitu kinachotembea kinajitokeza chenyewe. Wengine waliweka yale mabomba yanayojiunga, wengine nyota. Mimi niliweka maneno.

Mipangilio yake ilikuwa michache: kisanduku cha kuandika, rangi ya nyuma, fonti, kasi, na kama maneno yapite katikati ya skrini au popote yanapojisikia. Mtu wa kawaida anamaliza hapo kwa dakika mbili. Mimi ningeweza kumaliza asubuhi nzima. Nabadilisha ukubwa, najaribu; nabadilisha wekundu, najaribu. Na kile kidude hakitaki kuguswa: mausi ikitikisika hata kwa daladala lililopita nje, maneno yanakatika unaanza upya. Kwa hiyo ningekaa mikono juu, pumzi nimebana, wateja wanasubiri kopi zao.

Hatimaye nikapata mseto wangu: fonti ya Impact, nyekundu juu ya nyeusi, kasi ya chini kabisa. Kasi ndiyo siri. Ukikimbiza, watu wanaona mistari tu. Ukienda polepole, kila herufi inaingia kutokea kulia kama bibi harusi anayeingia ukumbini, na hakuna anayeweza kugeuza macho kabla hajajua neno linaishia wapi.

Duka langu la stationery lilikuwa Morogoro, jirani na stendi ya Msamvu, na kompyuta yangu kuukuu ya mpakato niliigeuza ikatazama barabarani. Mwanzoni ilitangaza kopi na picha za pasipoti. Baadaye ikaanza kudai madeni. Kulikuwa na bwana mmoja aliyetoa kopi faili zima la kesi ya kiwanja, lenye ramani na mihuri, akasema atapitisha hela jioni. Jioni hiyo mpaka leo haijaingia. Kila asubuhi namwona anavuka upande wa pili, anatazama milima ya Uluguru kana kwamba ndiyo kwanza imejengwa. Jina lake silijui. Dukani kila mwanamume aliyenizidi umri namwita mjomba. Ndipo nikaandika:

MJOMBA... NAKUONA UNAVYOPITA NG'AMBO YA BARABARA... KUKOPA HARUSI, KULIPA MATANGA... LETA HATA NUSU...

Nikaiwekea dakika moja ya kusubiri, na neno la siri, maana vijana wa stendi waliwahi kuingia na kubadilisha maandishi yangu yakawa mambo yasiyosomeka mbele ya wazazi. Neno la siri nililichagua kwa uchungu wa biashara: hatukopeshi.

Sasa, jirani yetu anaoza binti. Kamati ya harusi ikaundwa, mimi nikapewa ukatibu kwa sifa moja tu, kwamba nina kompyuta. Kikao cha mwisho kilifanyika kwenye ukumbi nyuma ya baa, ndugu wa pande zote mbili wamejaa, na upande wa bwana harusi walikuja na projekta. Tukatundika shuka jeupe ukutani, tukafungua Excel: Jina, Ahadi, Ametoa, Baki. Mama mweka hazina akakaa kwenye kompyuta, kila anayetoa anamwingiza palepale, na watu wanajiona ukutani. Kikao hakijawahi kuwa na nidhamu namna ile.

Mstari wa kwanza alikuwa mjomba wa bibi harusi, kutoka Turiani. Ahadi: laki tatu. Ametoa: kistari.

Lazima nieleze hapa. Kwa Waluguru ukoo unafuata upande wa mama, na mjomba kwenye ndoa ya mpwa wake si mgeni mwalikwa. Ndiye mwenye kauli. Mjomba akinuna, mahari inanuna, na harusi yenyewe inaweza kununa ikarudi kwao. Ndiyo maana kile kistari kila mtu alikuwa anakiona na hakuna aliyekisemea.

Mwenyekiti akasimama kutoa nasaha. Nikijua nasaha zake, nikatoka nje kuulizia mishikaki. Mama mweka hazina naye akaacha kibodi, akakunja mikono kwa heshima. Dakika moja ikapita.

Mimi niko jikoni nasikia ukumbi umenyamaza, kisha sauti ya mtoto: "M!" Halafu watoto wawili: "MJO..." Halafu ukumbi mzima, kwa sauti ya darasa la kwanza: "MJOMBA!"

Kicheko. Nikaacha mishikaki.

"NA... KU... O... NA..."

Kicheko kikakatika. Nilipofika mlangoni, shuka lote jeusi, herufi nyekundu za urefu wa mtu zinakokotwa kuelekea kushoto bila haraka yoyote. Mshereheshaji akarukia mausi. Kisanduku kikatokea kudai neno la siri. Akaandika harusi, kimekataa. Akaandika upendo, kimekataa. Akaghairi, na kidude kikaanza upya tangu mwanzo, kwa adabu zote: M... J... O...

"Zima hiyo mashine!" mtu akapiga kelele.

"Asizime mtu!" mama mweka hazina akaikumbatia kompyuta. "Michango ya leo yote sijasevu!"

Kati yangu na meza kulikuwa na viti vya plastiki na kina mama wenye watoto migongoni. Hapapitiki. Nikaona msaada pekee ni sauti, nikapaza: "Hatukopeshi!"

Ukumbi mzima ukanigeukia. Mjomba akasimama, akaiweka kofia yake sawa.

"Mwanangu," akasema polepole, "kuna mtu hapa ameomba mkopo?"

"Hapana, mjomba, hatukopeshi ni..."

"Nimesikia. Mara ya pili hii."

"Namwambia mshereheshaji, mjomba! Aandike hatukopeshi! Herufi zote pamoja!"

Nyuma yangu ukutani ikapita, kwa wakati wake iliojichagulia: LETA HATA NUSU.

Mshereheshaji akaandika, skrini ikafunguka, na Excel ikarudi. Mstari wa kwanza. Laki tatu. Kistari. Ikaonekana kama mashtaka na kielelezo vimeletwa pamoja. Hata mwenyekiti, mtu asiyeishiwa nasaha, aliishiwa.

Mjomba akaingiza mkono ndani ya koti, akatoa bahasha. Akasema aliileta tangu asubuhi, alikuwa anasubiri ajenda ya mengineyo. Mama mweka hazina akahesabu, akaingiza, akasevu, akasevu tena. Kistari kikatoka.

Hapo ndipo mambo yalipogeuka. Shemeji mmoja akanyoosha mkono kupunguza baki yake. Baba mdogo akafuata. Kaka wa bwana harusi akaomba kwenda kwenye gari mara moja. Hakuna aliyejua orodha ya kile kidude inaendelea na nani, na hakuna aliyetaka kusubiri kuona kama baada ya MJOMBA linakuja SHEMEJI. Mshereheshaji akaninong'oneza niiache kompyuta bila kuguswa dakika moja nyingine.

Usiku nilimfuata mjomba kumweleza: ni tangazo la dukani, anadaiwa mtu mwingine, halikumhusu hata herufi moja. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Sasa ng'ambo ya barabara ulinionaje?"

"Sikukuona, mjomba."

"Basi lilinishusha Msamvu mchana. Nikaliona duka lako, nikasema nikipita karibu utaniuliza habari ya mchango." Akatikisa kichwa. "Nikavuka. Sikujua una macho ya namna hiyo."

Nilijaribu kumweleza tena. Haikusaidia.

Na yule bwana wa faili la kiwanja? Alikuwemo ukumbini, upande wa bwana harusi, karibu na spika. Ndiye aliyesoma kwa sauti kubwa kuliko watoto, na ndiye aliyefuta machozi kwa kucheka. Wakati wa kutoka alinipiga bega: "Yule mzee umemweza!" Jumatatu akaja dukani, mara hii bila kuvuka, akitaka nimchapie kadi za mchango za mwanawe. Nikazichapa. Hela ataipitisha jioni.