Vya Marehemu Viko Chini, Shemeji Anachagua

Ukienda ugenini, muombe Mungu akupe mwenyeji anayependa kulala. Mimi nilipewa shemeji. Ni mdogo wa mke wangu, aliondoka Muheza kijana mwenye adabu zake, akakaa Brussels mpaka sasa anakula mkate mgumu kwa hiari yake na mvua ikinyesha anasema leo hali ya hewa nzuri. Nikamwambia mimi nataka kuiona Atomium, yale madude tisa ya mviringo yanayong'aa, yaliyojengwa kwa ajili ya maonyesho ya dunia ya mwaka 1958. Nisimame chini yake nipige picha, niitupe kwenye grupu la mtaa, Magomeni walale na njaa.

"Shem, hiyo ya watalii. Mimi nakupeleka kwenye Brussels yenyewe."

Brussels yenyewe, kumbe, ni jalala lenye ratiba.

Akaniamsha saa kumi na moja alfajiri twende kwenye soko la vitu vilivyokwishatumika, mwezi wa Novemba, baridi inauma mpaka meno ya nyuma. Namuuliza haraka ya nini, soko si lipo kila siku? Anasema ukichelewa unakuta vizuri vimeshakwenda. Eti wafanyabiashara wa vitu vya kale huja giza lingalipo, wana tochi, wanamulika ndani ya maboksi kabla gari halijamaliza kushushwa mzigo. Kwetu mtu anayemulika tochi kwenye mali ya wenzake alfajiri ana jina lake, na jina hilo si mfanyabiashara.

Njiani tukapita Jumba la Mahakama. Jamani, lile ni jengo. Lilifunguliwa mwaka 1883, liko kilimani, limeukalia mji wote. Kulijenga walivunja nyumba za walalahoi wa mtaa wa Marolles ulioko chini yake, na watu wa pale walikasirika kiasi kwamba wakitaka kumtukana mtu wanamwita msanifu majengo. Sasa nikaona mabomba na mbao za jukwaa la mafundi. Nikauliza, wanakarabati? Shemeji akasema jukwaa lilisimamishwa miaka ya 1980, limekaa pale mpaka lenyewe likachakaa likahitaji kukarabatiwa. Hapo ndipo nilipojisikia niko nyumbani.

Tukashuka na lifti ya vioo, bure, tukatembea kidogo, tukatokea kwenye uwanja wenyewe. Kwa Kifaransa unaitwa Place du Jeu de Balle, kwa Kiholanzi Vossenplein. Brussels kila mahali pana majina mawili, kwa hiyo unaweza kupotea mara mbili ukiwa umesimama palepale. Soko liko hapo tangu mwaka 1873. Nami nadhani baadhi ya vijiko nilivyoviona vimekuwepo tangu siku ya ufunguzi na havijapata mnunuzi.

Meza ni chache. Vitu vimemwagwa chini juu ya mawe, vingine juu ya blanketi, vingine kwenye maboksi ya ndizi. Kuna vikombe visivyo na visahani na visahani visivyo na vikombe, wenyewe wametengana mita mbili na hakuna wa kuwasuluhisha. Kuna kichwa cha mwanasesere bila kiwiliwili. Kuna simu za kuzungusha, medali za vita, mashine ya chapa iliyong'oka herufi, sinia lenye picha ya ile ile Atomium niliyonyimwa. Kuna meno ya bandia. Nauliza tena: meno ya bandia, ya mtu mwingine, anunue nani?

Basi shemeji akanieleza vinatoka wapi, na afadhali asingenieleza. Mzee anafariki peke yake kwenye nyumba yake. Watoto wako mbali, au hawana nafasi ya kuweka kabati la babu, au hawapo kabisa. Wanaitwa watu wa kazi hiyo, wanakomba nyumba kuanzia darini mpaka stoo, na kesho yake maisha yote ya mzee yamelala juu ya mawe, mvua inayanyeshea. Kwetu marehemu hata hajafika arobaini kikao cha ukoo kimeshakaa, mjomba anaitaka saa, shangazi ameshajifunga kanga ya marehemu, kuna godoro linakwenda mpaka kwa kadhi. Nilikuwa naona aibu sana kwa mambo yetu hayo. Pale Marolles nikaona angalau sisi tunagombania.

Nikaokota albamu moja, nikaifungua: harusi. Bibi harusi anacheka, bwana harusi kapaka mafuta nywele, mama mkwe kanuna kama inavyotakiwa. Euro mbili, ukoo mzima. Nikaifunga upesi kama mtu aliyefungua mlango wa choo akakuta mwenyewe yumo.

Sasa, mimi sikuja pale kulia. Nililiona birika la shaba, la haki, mkono wake umepinda vizuri, nikasema hili litanifaa sebuleni. Muuzaji mtu wa asili ya Moroko. Nikampa salamu ya dini, akaipokea kwa furaha, akaniita akhi, akaniuliza natoka wapi, nikasema Tanzania, akasema mashaallah. Birika bei gani? Thelathini. Nikasema kumi, akhi. Akaweka mkono kifuani, akaniombea dua mimi na wazazi wangu, akasema thelathini. Undugu ukawa unapanda, bei imesimama palepale.

Nikatumia ile ya Kariakoo. Unaijua: unaweka kitu chini, unaguna kidogo, unaondoka taratibu huku mgongo unasikiliza. Kariakoo hujamaliza hatua nne utasikia, "Njoo bosi, leta hiyo hela." Nikaondoka taratibu. Nikaondoka taratibu zaidi. Nikafika mwisho wa uwanja, karibu na kanisa, mgongo haujasikia kitu. Kugeuka, akhi wangu anakunywa chai.

Lakini hilo la birika si kitu. Lililonipandisha presha ni kinyago.

Kilikuwa kimesimamishwa peke yake juu ya kigoda, kimewekewa kitambaa chekundu chini, maana yake ni kitu cha heshima. Nikakisogelea. Watu wamepandana, huyu kambeba yule, yule kamkumbatia huyu, mzee mmoja kakaa kileleni. Mtanzania yeyote anakijua: hicho ni kinyago cha ujamaa, kazi ya Wamakonde. Na hicho hasa nilichokiona si cha kule kwenye nyanda za juu za Newala, ni cha wachongaji wa Mwenge, Dar es Salaam, unashuka kwenye daladala unatembea kidogo. Muuzaji, bwana mwenye skafu, akamwambia shemeji kwa Kifaransa kwamba hiki ni cha Kongo, cha Waluba, cha miaka ya 1920, kilitoka kwa chifu.

Nikainama nikanusa. Dawa ya viatu. Chifu gani huyo wa mwaka 1920 aliyekuwa anapaka ukoo wake dawa ya viatu? Nikakwangua kidogo kwa ukucha sehemu ya chini: mti mweupe. Mpingo wa kweli huo moyo wake utakwangua mpaka kesho, weusi uko palepale. Bwana mwenye skafu akaruka, nisiguse, akanionyesha ufa mgongoni, eti huo ndio ushahidi wa umri. Ufa! Ufa ule ni wa mti mbichi uliochongwa mbiombio kwa sababu kuna wageni wanatua Ijumaa. Nikaanza kumweleza kwa Kiswahili, kwa sababu hasira zangu hazijui lugha nyingine, mikono juu, nataja Mwenge, nataja Mtwara, nataja Newala, napigapiga kifua kwamba hii ni kazi ya kwetu, nyumbani kwetu, mimi naijua hii!

Watu wakakusanyika. Mama mmoja wa Kizungu mwenye miwani mikubwa akanitazama kwa makini, akakitazama kinyago, akanitazama tena, macho yakaanza kulengalenga machozi. Akafungua pochi. Euro tisini, hakuomba hata kupunguziwa.

Nikamuuliza shemeji, yule bwana kamwambia nini? Shemeji alikuwa amekaa chini kwa kucheka. "Kamwambia, umemuona mwenyewe? Mwafrika ametambua kitu cha mababu zake."

Yaani nilikuwa hati ya uthibitisho. Tisini zidisha kwa shilingi 2,800 hivi, halafu uniambie kamisheni yangu ni ngapi. Bwana mwenye skafu alinipa mkono. Mkono mtupu.

Kelele zile zilituletea mgeni. Mama mmoja mtu mzima, kitenge chini, koti zito juu, akaja moja kwa moja: "Jambo benye kusema Kiswahili! Munatokea wapi, bapapa?" Wa Bukavu huyo. Kashuka kutoka Matonge, ule mtaa wa Wakongo wa hapo Brussels uliochukua jina la mtaa wa Kinshasa. Tukamuamkia, tukazunguka naye. Kwake soko lile lilikuwa jingine kabisa. Mimi naona vitu vya ajabu, yeye anaona vya kwao: kofia nyeupe ngumu za mabwana wa serikali ya kikoloni, sanduku la bati lenye jina la mtu na mji aliokuwa akienda, picha za watoto wa shule wamepangwa mstari na hakuna aliyeandikwa jina isipokuwa padri.

Kwenye kopo la biskuti akachomoa sarafu ya shaba ya manjano, ina pembe sita, tembo upande mmoja, imeandikwa Benki ya Kongo ya Kibelgiji, 1943. Faranga mbili. Muuzaji anataka euro tano.

"Iyi franga ya kwetu," akasema. "Balituletea, bakarudi nayo, sasa banataka nilipe tena juu ya kuiona?"

Hakupaza sauti. Akaanza na Kifaransa, akapita kwenye Lingala ingawa muuzaji haijui, akamalizia kwa Kiswahili. Muuzaji akashuka nne, akashuka mbili. Mama akamtazama tu. Akaipata kwa euro moja na akaongezewa kijiko. Nikasema huyu ndiye, Mwenyezi Mungu kamleta. Nikamshika mkono nikampeleka kwa akhi, nikamwonyesha birika. Dakika tano hazikufika, euro kumi. Kumi ile ile niliyoisema mimi! Kisha mama akalichukua birika, akalifuta kwa kitenge, akalitia kwenye mfuko wake, akatuaga vizuri sana na kutuombea safari njema.

Shemeji akasema angelibakiza kama ningetangulia kutoa pesa. Shemeji ana maneno mengi sana ya baadaye.

Yeye wakati wote huo alikuwa anazungukazunguka pasi. Pasi ya mkaa, ile ya chuma yenye jogoo mbele, imekalishwa kwenye duka la pembeni katika mtaa wa Rue Blaes, ina taa yake peke yake inayoimulika. Euro arobaini na tano. Akaniambia hapa ni bei ya kutupa, kwani wapo wanaonunua vitu huku bondeni alfajiri, mchana wanavipandisha pale juu Grand Sablon kwenye maduka ya vitu vya kale, na kule hata bei hawabandiki, unaulizwa kwanza unakaa hoteli gani. Nikamwambia, shemeji, hii pasi kwetu tulifichia wageni uvunguni. Tulichapwa kwa kuipuliza majivu kwenye sare za shule. Akasema, "Ndiyo maana, shem. Ina historia." Akalipa.

Saa nane mchana soko likafungwa, na hapo nikaona kitu ambacho sitakieleza kwenye soko la Karume nikaaminiwa. Wenye mali walipakia walivyovitaka, vilivyobaki wakaviacha chini, wakaondoka. Bure! Viti, vitabu, makoti, fremu. Watu wakainama wakaokota, mabibi wenye hereni za lulu wamo, kimyakimya kwa ustaarabu, kabla gari la taka la manispaa halijafika. Beli la mitumba likifunguliwa pale Ilala watu wanatoana macho kwa shati lisilo na kola. Shemeji akaokota kiti cha miguu mitatu. Kiwe na miguu mitatu kwa kukusudia, sawa. Hiki kilikuwa na kovu.

Usiku, nafunga mizigo. Kilo ishirini na tatu za ndege, nimezipangilia chokoleti, viatu vya watoto, sabuni za mke wangu. Shemeji anaingia na pasi ameifunga gazeti. "Shem, hii zawadi ya mama. Mpelekee Muheza."

Nikamwambia chuma hiki kina kilo karibu nne. Akapiga simu kwa mke wangu. Mke wangu akasema mdogo wangu hajamtumia mama kitu siku nyingi, itoe chokoleti. Nikasema basi tumpigie mwenyewe mama, tumuulize kama anaihitaji. Tukampigia kwa video. Shemeji akaigeuzageuza pasi mbele ya kamera, akamweleza jogoo, akamweleza uzee wake, akataja na bei, na kwa kujisifu akaibadilisha kuwa shilingi.

Mama mkwe akavaa miwani. Akaangalia.

"Mwanangu, huyo Mzungu bado yupo dukani? Mwambie mimi ninazo mbili, na moja bado ina mkaa ndani. Anazipokea kwa bei hiyo hiyo?"