Karatasi za kale zikae kijijini ama ziende makumbusho?

Juzi hapa Lamu tumekaa barazani baada ya alasiri, ubishi ukazuka juu ya al-Qasr, kijiji cha Misri ukingoni mwa Mto Nile, karibu na Nag Hammadi. Mwaka 1945 wakulima wa huko wakichimba udongo wa mbolea chini ya jabali wakapata mtungi, ndani mna vitabu 13 vya mafunjo, vimejalidiwa kwa ngozi, maandishi ya Kikopti, lugha ya zamani ya Wakristo wa Misri, ya karne ya 4. Kufika nyumbani, inasemekana mama wa mmoja wao alizitia karatasi nyingine tanurini kuwashia moto. Kuna wasomi wanaoitilia shaka hadithi yenyewe, haya tuiache hiyo.

Mzee mmoja akasema mwaona, vikiachiwa kijiji vinakwisha, afadhali viko Makumbusho ya Kikopti kule Cairo vinasomwa na dunia nzima. Na ana hoja bana. Sisi nyumbani tuna kasha la bibi, siku moja nikafungua kitabu cha kasida, ukurasa ukanivunjikia mkononi kama mkate wa mofa uliolala, mchwa ametoboa jalada hadi jalada na hewa ya chumvi imemalizia.

Lakini kijana akauliza, al-Qasr walipata nini? Kitabu kimoja kiliuzwa hadi Zurich, taasisi ya Jung, yule mwanasaikolojia, ikakinunua 1952, na kurudi Misri kulichukua miaka, waliochimba wakabaki kulima tu. Hata sisi, miswada mingi ya mkono wa Muhamadi Kijumwa, mshairi na mwandishi wa hapahapa Lamu, iko chuo cha SOAS, London. Sio wizi lakini, Wazungu walikuwa wakimlipa awaandikie, na mingine saa hii unaisoma kwa simu.

Mimi yule mama simlaumu. Kikopti angekisoma nani pale kwao? Mtu hachomi anachokisoma. Zetu ni Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, bibi alikuwa akizisoma mwenyewe miwani imeteremka puani, sisi wajukuu ndio tunazigeuzageuza tu hatuelewi mstari, sasa hapo tofauti yetu na tanuri ni nini? Kwa hivyo huyo wa makumbusho simpingi sana kama ana msomaji na sisi hatuna.

Nimemwita jamaa mwenye kamera aje Jumamosi apige kila ukurasa. Kasha halitoki. Na mwalimu wa madrasa amekubali kunikalisha chini baada ya isha, tuanze na hicho kilichovunjika.