Oldsmobile ilianza kufa mwaka ilipouza magari milioni moja

Ukiuliza nani aliiua Oldsmobile, chapa ya magari ya Marekani iliyofungwa mwaka 2004, wengi watakutajia Wajapani. Jibu hilo lina ukweli ndani yake, lakini mimi silikubali. Honda na Toyota walikuta mlango uko wazi. Aliyeufungua ni mwenye nyumba mwenyewe, General Motors, kampuni iliyoimiliki Oldsmobile, tena aliufungua mwaka 1977, mwaka uleule ambao Oldsmobile ilivuka magari milioni moja kwa mwaka kwa mara ya kwanza. Kabla yake ni Chevrolet na Ford tu zilizokuwa zimefika huko.

Mwaka huo baadhi ya walionunua Delta 88, moja ya magari ya Oldsmobile, walipeleka magari yao gereji kwa matengenezo ya kawaida, na mafundi wakakuta vipuri vya Oldsmobile haviingii. Hata chujio la oili halikufunga. Walipochunguza, waligundua kwamba chini ya boneti kulikuwa na injini ya Chevrolet, chapa ya bei nafuu ya General Motors hiyohiyo. Oldsmobile ilikuwa na injini yake, Rocket, ya lita 5.7, na Chevrolet nayo ilikuwa na yake ya ujazo huohuo. Wateja walikuwa wengi kuliko injini za Rocket zilizokuwepo, basi General Motors ikachukua za jirani, ikazifunga, ikauza magari bila kumwambia mtu. Mwanasheria mkuu wa jimbo la Illinois alifungua kesi, na majimbo mengine yakafuata. Kampuni ikaishia kuwapa wateja fidia na kuwaongezea muda wa dhamana, na matangazo yake yakaanza kubeba maandishi madogo ya kueleza kwamba injini zinatoka viwanda mbalimbali vya General Motors.

Injini yenyewe ya Chevrolet haikuwa na kasoro. Ni miongoni mwa injini zilizopendwa zaidi na mafundi wa Marekani, na mpaka leo inafungwa kwenye magari ya mashindano. Ndiyo maana naona watu wanaolisimulia tukio hili kama kosa dogo la ugavi hawajaelewa kilichotokea. Mteja hakukasirika kwa sababu amepewa kitu kibovu. Alikasirika kwa sababu alilipa zaidi ya jirani yake mwenye Chevrolet, akaamini fedha ile ya ziada inanunua kazi ya wahandisi wengine, watu wa Lansing, mji wa Oldsmobile, na sasa anaambiwa kwamba tofauti ilikuwa nembo tu.

Fedha hiyo ya ziada ndiyo msingi wa habari yote. Katika miaka ya 1920 Alfred Sloan, aliyekuwa akiiongoza General Motors, alizipanga chapa zake kwa ngazi: Chevrolet chini kabisa, kisha Pontiac, Oldsmobile, Buick, na Cadillac juu. Kijana aliyeanza kazi alinunua Chevrolet, na kadiri mshahara ulivyopanda naye alipanda ngazi bila kutoka kwenye kampuni. Chapa ya chini hujitetea kwa bei. Ya juu hujitetea kwa hadhi. Ya katikati haina utetezi wa aina hiyo. Ni lazima iwe na kitu chake ambacho mtu hawezi kukipata hatua moja chini. Oldsmobile ilikuwa nacho. Ilikuwa ndiyo mahali ambapo General Motors ilijaribia mambo mapya, na mteja wake alikuwa mtu wa kipato cha kati anayependa ufundi: mwalimu, mhandisi, mhasibu, daktari asiyetaka makuu.

Tabia hiyo ilikuwepo tangu mwanzo. Ransom Olds alianzisha kampuni mwaka 1897 mjini Lansing, Michigan. Mwezi Machi 1901 kiwanda chake cha Detroit kiliungua, lakini mwaka huohuo aliweza kutengeneza magari 425 ya Curved Dash, gari dogo lililopewa jina kwa sababu ya ubao wake wa mbele uliopinda, lenye bei ya dola 650. Mwaka uliofuata yalikuwa 2,500. Henry Ford anasifiwa kwa mstari wa kuunganishia magari unaotembea, na anastahili sifa hiyo, lakini ulikuja mwaka 1913. Zaidi ya miaka kumi kabla yake Olds alikwishakuwa anaunganisha magari kwa hatua, kila fundi na kazi yake, na vipuri vinavyobadilishana. Aligombana na wenye hisa, akaondoka mwaka 1904 na kuanzisha kampuni nyingine aliyoiita REO, kwa herufi za jina lake. General Motors iliinunua Oldsmobile mwaka 1908.

Lililo kubwa kuliko yote, kwa maoni yangu, ni gia ya otomatiki. Kwa magari ya mwaka 1940 Oldsmobile ilileta Hydra-Matic, ya kwanza ya otomatiki kamili kutengenezwa kwa wingi. Nyongeza yake ilikuwa dola 57. Dereva hakuwa na klachi ya kukanyaga. Mgandamizo wa oili ndani ya gia ulibadilisha hatua nne wenyewe. Angalieni jinsi ilivyopangwa: General Motors haikuipeleka kwanza Cadillac kwa matajiri. Iliipeleka kwa mteja wa Oldsmobile, aliyekuwa na fedha ya kutosha kuilipia na moyo wa kuvumilia kitu kipya. Vita vilipokuja, gia hiyo ikafungwa kwenye vifaru vyepesi vya jeshi la Marekani, na baada ya vita kampuni ikatangaza kwamba imejaribiwa vitani. Leo ukikaa kwenye foleni ya Barabara ya Morogoro au Thika Road ndani ya gari lisilo na klachi, mguu wako wa kushoto umepumzika kwa kazi iliyoingia sokoni kupitia Lansing.

Mwaka 1949 ikaja injini ya Rocket yenye silinda nane, nyepesi na yenye mgandamizo mkubwa kuliko ilivyozoeleka. Waliiweka kwenye gari dogo kiasi, Oldsmobile 88, na Red Byron akatwaa ubingwa wa NASCAR, mashindano ya magari ya Marekani, mwaka huo akiendesha gari hilo. Mwaka 1962 walijaribu turbo, kifaa cha kusukuma hewa zaidi ndani ya injini, kwenye gari la Jetfire, wakati karibu hakuna mtu aliyekuwa na gari la turbo barabarani. Ilihitaji kujazwa mchanganyiko wa maji na methanoli ili injini isigonge, wenye magari wakasahau kuujaza, na mradi ukafa haraka. Mwaka 1966 wakaleta Toronado, injini ya lita 7 yenye nguvu za farasi 385 inayozungusha magurudumu ya mbele, jambo ambalo hakuna kampuni ya Marekani iliyokuwa imelithubutu tangu gari la Cord la miaka ya 1930. Napenda sana kwamba Jetfire na Toronado zilitoka nyumba moja ndani ya miaka minne. Mahali panapotoa Toronado lazima pawe pia mahali panaporuhusiwa kukosea na Jetfire.

Mwaka 1976 Cutlass ya Oldsmobile ikawa gari lililouzwa zaidi Marekani nzima. Gari la bei ya kati, likiwashinda ndugu zake wa bei nafuu! Nadhani mafanikio hayo ndiyo yaliyowadanganya wakubwa wa General Motors huko Detroit. Waliona nembo inauza, wakadhani nembo inatosha.

Baada ya mkasa wa injini ikaja dizeli. Uhaba wa mafuta wa 1973 ulikuwa umewatisha Wamarekani, na serikali ikaweka viwango vya matumizi ya mafuta. Oldsmobile ikapewa kazi ya kutengeneza dizeli ya silinda nane, ikaitoa kwa magari ya mwaka 1978. Ili kuokoa gharama, injini ilijengwa juu ya vipimo vya ile ya petroli, kusudi mashine zilezile za kiwandani zitumike. Bloku iliimarishwa, lakini boliti za silinda hedi zilibaki kwa idadi na mpangilio wa injini ya petroli, ilhali mgandamizo wa dizeli ni mkubwa zaidi ya mara mbili. Boliti zikavutika na kukatika, gasketi zikaungua, maji yakaingia kwenye silinda. Tena hawakuweka chujio la kutenganisha maji na dizeli, na mafuta ya vituo vya Marekani wakati ule yalikuwa na maji mengi. Fundi yeyote wa dizeli anajua maji yanaifanya nini pampu na nozeli. Mafundi wa wauzaji wenyewe walikuwa hawajafundishwa dizeli, hivyo gari lilirudishwa barabarani na boliti zilezile, na kuharibika tena.

Hapa nina uchungu, kwa sababu chapa iliyoharibiwa ni ileile iliyokuwa imejenga jina lake kwa ufundi. Kama Chevrolet ingetoa dizeli mbovu, mteja angesema amepata alicholipia. Injini hiyo iliondolewa mwaka 1985, na Wamarekani wengi wakaendelea kuogopa magari madogo ya dizeli kwa miaka mingi baadaye, wakati Mercedes-Benz ilikuwa ikiwauzia dizeli zisizochoka.

Upande wa sura mambo yalikuwa hivyohivyo. Msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi anayejua kwamba Noah na Voxy ni gari moja, au Premio na Allion, ataelewa haraka. Toyota iliyatenganisha kwa ajili ya maduka tofauti huko Japani, lakini yote yalibaki Toyota, na hakuna aliyeambiwa kwamba moja ni hatua ya juu ya maisha. General Motors ilifanya hivyo kwa chapa zilizokuwa zinadai tofauti ya daraja na bei. Kwa magari ya mwaka 1982, Chevrolet Celebrity, Pontiac 6000, Oldsmobile Cutlass Ciera na Buick Century yalikuwa mwili mmoja. Mwaka 1983 jarida la Fortune liliweka magari manne ya General Motors kwenye jalada, moja kwa kila chapa, na ilikuwa kazi kuyatofautisha. Mwaka 1984, chini ya Roger Smith, mwenyekiti wa General Motors, idara za uhandisi ziliunganishwa katika makundi mawili, na Oldsmobile ikabaki na jina, matangazo na wauzaji. Jina la Cutlass lilibandikwa kwenye magari mengi kiasi kwamba mteja alipaswa kuuliza Cutlass ipi.

Mauzo yalivuka milioni tena katikati ya miaka ya 1980, kisha yakaporomoka. Ndipo mwaka 1988 wakaja na tangazo la "Hili si Oldsmobile la baba yako". Mwigizaji William Shatner alitokea na binti yake, na Ringo Starr, mpiga ngoma wa Beatles, naye na wa kwake. Watu wa matangazo bado wanalijadili. Mimi naliona kama utovu wa adabu. Baba huyo ndiye aliyenunua Rocket, akavumilia Jetfire, akanunua Cutlass mpaka ikawa ya kwanza nchini, na bado alikuwa mteja. Ukimwambia mtoto kwamba gari la baba yake ni la aibu, na baba anakusikia, unatarajia nani aje dukani Jumatatu? Tena gari lililotangazwa halikuwa na upya wa kutosha kumvuta huyo mtoto, ambaye alikuwa anaweza kwenda kununua Honda Accord iliyotengenezwa Marysville, Ohio.

Siku hizohizo General Motors ilikuwa inamwaga mabilioni ya dola kuijenga Saturn, chapa mpya kabisa ya kupambana na Wajapani, iliyoanza kuuza mwaka 1990. Oldsmobile ilikuwa na wahandisi, wauzaji nchi nzima na kumbukumbu ya karibu karne moja, lakini ilisubiri. Aurora ya 1995 ilikuwa gari zuri kwelikweli, lenye umbo lake na injini iliyotokana na ya Cadillac, ila nje hawakuandika neno Oldsmobile. Walikwishaliogopa jina lao wenyewe.

Mwezi Desemba 2000 General Motors ilitangaza kwamba itaifunga. Mauzo ya mwaka huo hayakufika magari 300,000. Tarehe 29 Aprili 2004 Alero ya mwisho ilitoka kwenye kiwanda cha Lansing, na wafanyakazi wakaisaini. Magari zaidi ya milioni 35 yalikuwa yametengenezwa kwa miaka 107. Miaka mitano baadaye General Motors yenyewe iliomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika. Pontiac ikafungwa, na Saturn ikaenda nayo.

Buick ilipona. Ilikuwa jirani wa Oldsmobile kwenye ngazi, ikiuza magari ya mwili uleule kwa wateja wenye umri uleule, na nyumbani Marekani sidhani ilikuwa na hoja bora zaidi. Kilichoiokoa ni China, ambako jina lake lilikuwa na heshima tangu kabla ya mapinduzi ya Kikomunisti na ambako General Motors ilianza kuitengeneza Shanghai mwishoni mwa miaka ya 1990. Wachina walipewa sababu ya kulipa zaidi kwa Buick, nao wakalipa. Mteja wa Oldsmobile aliacha kupewa sababu hiyo siku fundi alipofungua boneti ya Delta 88.