Anayetaka kufuga chura na aanze kwa kufuga nzi

Bwawa la umeme lilipopunguza maji ya maporomoko ya Mto Kihansi, katika safu ya milima ya Udzungwa, vyura wadogo 499 wa Kihansi, wanaoishi kwa kutegemea manyunyu ya maporomoko hayo, walichukuliwa na kupelekwa Marekani, ambako bustani za wanyama za Bronx na Toledo ziliwalea na kuwazalisha hadi wengine wakaanza kurejeshwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2010. Husifiwa wanasayansi, na wanastahili, lakini nadhani tunasahau kazi ya kila siku ya kuzalisha wadudu, kwa maana chura asiyezidi sentimita 3 hali kitu kilichokufa wala kisichoenea kinywani mwake.

Chura wa Kihansi analindwa kisheria na si wa kufugwa nyumbani. Hata hivyo, Watanzania na Wakenya wanaoishi Ulaya au Marekani, ambako vyura wadogo wa rangi wenye asili ya Amerika ya Kusini huzalishwa na kuuzwa kihalali, wanakabiliwa na hitaji lile lile. Msimamo wangu ni kwamba asinunuliwe chura hata mmoja kabla mfugaji hajaona vizazi viwili vya nzi vikipita salama mikononi mwake.

Nzi ninaowasema ni wale wadogo wanaozunguka ndizi zilizoiva kupita kiasi, si wale wanaoharibu maembe shambani. Wafugaji hutumia aina isiyoweza kuruka. Ndizi iliyopondwa huchanganywa na unga wa shayiri, hamira kidogo na siki ya kuzuia ukungu, kisha kopo hufunikwa kwa kitambaa kinachopitisha hewa. Baada ya siku chache mabuu weupe hupanda ukutani mwa kopo, wakajibandika na kugeuka pupa za kahawia, na katika nyuzijoto 25 nzi wapya hutoka takribani siku ya kumi tangu mayai yatagwe. Joto likifika 30, madume hupoteza uwezo wa kuzalisha, na kopo lililoachwa dirishani juani hunyamaza kabisa huku chura akisubiri chakula. Ndiyo maana kopo jipya huanzishwa kila wiki, na la zamani hutupwa kabla utitiri haujalivamia na kuhamia kwa mengine.

Jambo linalonisikitisha zaidi ni watu kudhani kwamba chura aliyeshiba amelishwa vizuri. Nzi hawa wana kalsiamu kidogo mno, na chura anayewala hivyo hivyo kwa miezi hulegea mifupa, akashindwa hata kuruka. Nzi watikiswe kwanza katika kikombe chenye unga wa kalsiamu na vitamini D3 mpaka waonekane weupe, kisha wamwagwe mbele ya chura papo hapo, kwa sababu nzi hujisafisha kwa miguu yake, na wanaoliwa baada ya saa chache huwa wameshaupangusa karibu unga wote.