VA wanatibu vizuri, shida ni mlango wao

Kila nikipiga stori na watu wa nyumbani Tanga ikaja habari ya jeshi la Marekani lazima mmoja aseme "nyie mna raha bwana, mkitoka serikali inawatibu bure mpaka mnakufa". Alafu nikikaa na Wamarekani wenyewe nasikia kinyume chake kabisa, ati hospitali za VA ni machinjio, usithubutu kwenda, utafia kwenye foleni. Mi nimelitumikia jeshi hilo na natibiwa huko miaka sasa na naona pande zote mbili wanaongea kitu ambacho hawajakiona, kwaiyo leo nimwage yangu.

Kwanza kwa wasiojua. VA ni idara ya serikali inayoshughulika na maveterani, yaani askari waliotoka jeshini, ina hospitali kama 170 hivi na vituo vidogo zaidi ya elfu, na dokta wa humo ni mwajiriwa wa serikali, jengo la serikali, dawa za serikali. Yaani Marekani hii hii ambayo ukitaja matibabu ya serikali kwa raia wa kawaida watu wanakuona mkomunisti, kwa askari wake wanaendesha mfumo mkubwa kuliko wowote nchini. Maveterani wako kama milioni 18 na waliojiandikisha kutibiwa ni karibu milioni 9, nusu tu. Na sio kwamba ukivua gwanda unaingia tu. Wanaangalia karatasi ya kutokea jeshini, DD-214, umeondoka kwa heshima au kwa ugomvi, wanakupanga kundi la 1 mpaka la 8, na juu ya yote kuna ile asilimia ya ulemavu unayopewa kwa maradhi uliyopata kazini. Ukiwa na 50 na kuendelea hulipi kitu wala dawa. Ukiwa huna asilimia na kipato chako kizuri kizuri unachangia, au unaweza kuambiwa huna nafasi kabisa. Mke na watoto hawamo, labda uwe na ulemavu wa kudumu wa asilimia 100. Kwaiyo hiyo "bure mpaka mnakufa" ina nyota nyingi pembeni yake.

Sisi wa kutoka Afrika Mashariki tuko humu zaidi ya watu wanavyodhani. Wengi waliingia na grini kadi, na kuanzia 2009 kulikuwa na mpango unaitwa MAVNI ambao jeshi lilichukua hata wasio na grini kadi kama wana lugha inayohitajika, na Kiswahili kilikuwemo kwenye orodha, unapewa uraia chapchap. Mpango ulisimamishwa 2016. Mi nilikuwa fundi wa magari, nimekaa Bagram, Afghanistan, na kama hujafika Bagram siwezi kukuelezea ule moshi. Plastiki, betri, matairi, kinyesi, vyote kwenye shimo moja vinachomwa usiku na mchana na wewe umelala upande unakoelekea upepo.

Sasa niseme uzuri kwanza manake hausemwi. Ukishaingia ndani ya VA unatibiwa na watu wanaojua askari ni mtu gani. Ukifika dirishani huulizwi bima, unaulizwa tarakimu nne za mwisho za namba yako ya hifadhi ya jamii. Nesi anapima presha alafu anaanza maswali, umewahi kukaa karibu na mashimo ya kuchomea taka, ulifanya kazi na mafuta gani, unalala vizuri, na lile lingine analouliza akikuangalia usoni, siku za karibuni umewahi kufikiria kujidhuru. Mara ya kwanza nilishtuka, kwetu mtu akikuuliza hivo ni kama anakutabiria mabaya. Sasa hivi nimezoea na naona ndo swali la maana kuliko yote, manake zaidi ya maveterani 6,000 wanajiua kila mwaka nchi hii. Dokta wa mtaani hakuulizi hilo, anakuuliza bima yako ni ipi.

Kwenye benchi utakuta wazee waliopigana vita ya Vietnam na kofia zao, wengine masikio hawana tena, wanapewa vifaa vya kusikilizia na VA na betri zinatumwa kwa posta. Dawa zangu nazo zinakuja kwa posta. Na VA ananunua dawa kwa bei ya kujadiliana, wakaguzi wa bunge waliangalia bei za 2017 wakakuta kwa wastani analipa chini ya nusu ya kile Medicare, bima ya wazee, ilichokuwa inalipa kwa dawa zile zile. Kitu kingine, ile nesi anaskani mkanda wa mkononi kwako alafu anaskani dawa ndo akupe, ilianzia VA. Nesi mmoja wa Topeka, Kansas, anaitwa Sue Kinnick, alikuwa anarudisha gari la kukodi miaka ya 90 mwanzoni akaona yule kijana anaskani gari na kamashine, akajiuliza kwanini wagonjwa tusiwafanyie hivi wasipewe dawa isiyo yao. Hayo ndo machinjio wanayoyasema.

Alafu tuje kwenye mlango. Mlango wa VA ni karatasi bwana, na hapo ndo watu wanapofia.

Ili upate asilimia lazima uonyeshe ugonjwa ulioupata kazini umeandikwa mahali. Sasa jeshini nani anaenda kwa dokta wa kambi? Ukienda unaitwa mvivu, sajini anakuangalia vibaya, na sisi tuliolelewa na kauli za mwanaume ni kujikaza ndo kabisa. Kijana anaanguka kutoka kwenye lori, goti linavimba, anameza vidonge vya maumivu anaendelea. Miaka kumi baadae anatembea kama mzee wa sabini, anapeleka klemu, yaani maombi ya asilimia, anaulizwa ushahidi uko wapi, faili jeupe. Wanampeleka kwenye uchunguzi wa kupima ulemavu wanaouita C&P, dokta wa kukodiwa ambaye hajamuona maishani, dakika chache tu anamkunja goti kushoto kulia anaandika, barua inakuja imekataa. Namjua jamaa wa Mombasa yalimkuta hayo hayo na alikata tamaa, akawa anatibiwa goti kwa hela yake wakati haki yake ipo. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua, ila hawakusema na klemu pia itakataliwa.

Na ukiwa na maradhi ya moshi ilikuwa balaa zaidi. Miaka mingi klemu za mashimo ya taka zilikuwa zinakataliwa nyingi kwa sababu wewe ndo uthibitishe moshi wa kule umekupa pumu ya huku. Utathibitishaje? Mpaka Agosti 2022 ndo ikasainiwa sheria ya PACT, imepewa jina la sajini Heath Robinson wa Ohio aliyefariki 2020 kwa saratani ya mapafu. Sheria inasema ulikuwa kule, una moja ya maradhi haya zaidi ya 20, basi inachukuliwa ni kazi ndo imekupa, yaishe. Wazee wa Vietnam na Agent Orange, ile sumu ya kuua majani iliyomwagwa kule, walingoja mpaka 1991 kupata sheria ya namna hiyo, vita iliisha 1975, piga hesabu mwenyewe. Naona kuna mtu mahali anajua kabisa kwamba kila mwaka unaochelewesha waombaji wanapungua. Nikisema hivi naambiwa nina chuki, sawa.

Huyo adui wa foleni nae yupo, sikatai. 2014 kwenye hospitali ya VA ya Phoenix, Arizona, iligundulika wafanyakazi walikuwa na orodha za siri. Makao makuu walitaka mgonjwa aonwe ndani ya siku 14 na bonasi za wakubwa zilifungwa kwenye namba hiyo, basi wakawa wanaandika namba nzuri kwenye kompyuta na watu halisi wanakaa kwenye karatasi pembeni. Wakaguzi walichukua maveterani 226 wakakuta wamengoja wastani siku 115 wakati hospitali iliripoti 24. Waziri wao, Eric Shinseki, jenerali mstaafu, akajiuzulu mwezi wa tano. Ile ilikuwa aibu na watu walikufa wakiwa kwenye orodha. Ila angalia, kelele kubwa haikuwa kwamba madaktari wa Phoenix hawajui kutibu. Ni mlango tena. Na hata mfumo mpya wa kompyuta wa mafaili ya wagonjwa walioanza kufunga hospitali ya VA ya Spokane 2020 ulikuwa hivo hivo, oda za madaktari zaidi ya 11,000 zikaenda kwenye foleni isiyojulikana ambayo hakuna mtu aliyekuwa anaifungua!

Suluhisho la wanasiasa likawa nini, wapelekeni kwa madaktari binafsi serikali ilipe. Ikaanza 2014 hiyo hiyo, kisha sheria ya MISSION 2018 ikapanua, sasa ukiwa zaidi ya nusu saa kwa gari kutoka kituo cha VA au ukingoja zaidi ya siku 20 kumuona dokta wa kawaida unaruhusiwa kwenda nje. Kwa mtu anayekaa Montana huko porini ni jambo jema, sina neno. Ila mi nilipelekwa nje kwa ajili ya mapafu, kliniki nzuri, kahawa ya bure, dokta mpole. Hakuwa na faili langu, lilikuwa halijatumwa. Akaniuliza kama navuta sigara, nikasema hapana, nikamwambia Bagram na mashimo ya taka, akaniuliza mashimo gani. Alinipiga eksirei ambayo nilikuwa nimeshapigwa, majibu yakachukua muda mrefu kurudi VA, alafu bili ikaja nyumbani kwa jina langu na baadae watu wa kudai madeni wakaanza kupiga simu. Nikapigwa danadana kati ya kliniki na VA kila mmoja anasema ni mwenzake. Na huko nje foleni sio fupi kama mnavyodhani, kuna utafiti ulitoka kwenye jarida la kitabibu la JAMA Network Open 2019 kwenye miji mikubwa 15, mwaka 2017 mgonjwa mpya VA alingoja wastani siku 17.7, kwa binafsi 29.8. Mifupa tu ndo binafsi walikuwa na haraka zaidi.

Kwaiyo nikisikia mtu anataka VA ifungwe kila mtu apewe kadi ajitafutie, naona hajakaa kwenye lile benchi. Hela inayokwenda nje inatoka kwenye mfuko ule ule unaolipa manesi wa ndani. 2025 wakubwa wa VA walianza na mpango wa kupunguza wafanyakazi 80,000, baada ya kelele wakasema ni kama 30,000 na wataondoka wenyewe tu. Wenyewe! Nesi mzoefu akiondoka mwenyewe yule anayejua kuuliza lile swali kaondoka nae, na miezi michache mbele foleni inarefuka, ndo utasikia umeona, serikali haiwezi kutibu.

Vijana mlioko kambini sasa hivi, goti likiuma nenda kwa dokta, aandike, omba nakala kabla hujavua gwanda. Klemu usijaze peke yako, vyama vya maveterani kama DAV na VFW na American Legion vina watu waliosajiliwa wanakujazia bila hata senti, wale wa mtandaoni wanaotaka asilimia ya hela yako waache. Ukikataliwa una mwaka mzima wa kupinga.

Na usiku ukiwa mbaya piga simu ya msaada 988 alafu bonyeza 1. Huhitaji kuwa umejiandikisha VA, na tangu Januari 2023 ukiwa kwenye hali ya kutaka kujiua maveterani wengi hata wasiojiandikisha wanapokelewa hospitali yoyote, ya VA au ya nje, kwa gharama za serikali mpaka siku 30 za kulazwa. Hapo kwa mara moja mlango wameuacha wazi.